Kufuata Bendi Ndogo Usiku Malindi, Kuanzia Alasiri Mpaka Tuktuk ya Kurudi

Usiku wa Malindi una muziki wa namna mbili. Kuna ule unaotoka kwenye kompyuta ya dijei, nao huna haja ya kuutafuta, maana ukipita Barabara ya Lamu siku ya Ijumaa unakufuata wenyewe mpaka ndani ya tuktuk. Halafu kuna ule wa watu wanne au watano waliobeba vyombo vyao wenyewe, wakajibana kwenye kona ya baa yenye meza kumi na tano, wakapiga nyimbo walizotunga wenyewe. Hawana lebo wala meneja. Wimbo wao ukiupenda leo, kesho utaupata umebadilika, kwa sababu mpiga gitaa ameamka na wazo jingine. Huu wa pili ndio nimeufuata miaka mingi, na hapa nataka kukueleza namna ya kuufuata.

Hatua ya 1: Tafuta bendi kabla ya kutafuta ukumbi

Watu wengi huuliza, "Leo raha iko wapi?" Wewe uliza, "Leo nani anapiga?" Klabu za Malindi hufunguliwa, hufungwa, hubadilisha jina na mwenyewe, lakini wanamuziki ni wale wale. Mpiga besi uliyemwona Ijumaa kwenye bendi ya rege, Jumapili asubuhi yuko kanisani, na Jumatano usiku yuko hotelini pwani, kavaa shati la maua. Ukimjua mmoja umewajua wote.

Wa kuwauliza ni hawa. Kwanza madereva wa tuktuk, kwa sababu ngoma na spika hazibebwi kwa boda; yule aliyewapeleka wiki iliyopita anajua wanapiga wapi wiki hii. Pili mafundi wa redio na amplifaya mjini, ambao kila Alhamisi huletewa kitu kilichoungua. Tatu walinzi wa mahoteli. Nne, wanamuziki wenyewe: wengi wao hutangaza shoo kwenye stetasi ya WhatsApp, mara nyingi siku ile ile mchana, hivyo ukishapata namba ya mmoja ihifadhi. Karatasi zilizobandikwa ukutani karibu na staji ya matatu zisome pia, ila angalia tarehe. Nyingine ni za mwezi uliopita na hakuna aliyezibandua.

Ukishampata mtu wa bendi, muulize mambo mawili. La kwanza, kama leo wanapiga nyimbo zao au za kopi, yaani za watu wengine. La pili, wanapanda saa ngapi hasa. Tangazo likisema saa mbili usiku, mara nyingi ni saa ambayo mwenye baa anataka wateja waanze kununua, na bendi yenyewe itapanda saa tatu na nusu.

Nimetaja kopi, nisije nikaeleweka vibaya. Bendi inayopiga nyimbo za watalii hotelini haijauza utu wake. Them Mushrooms, ndugu kutoka Kaloleni walioanza mwaka 1972, walijenga jina lao wakipiga kwenye mahoteli ya Pwani hii hii. Hoteli ndiyo inayolipa kodi ya nyumba na ada ya shule. Hapa kwetu wageni wengi ni Waitaliano, kwa hiyo utakuta kijana wa Kigiriama anaimba Kiitaliano vizuri kuliko anavyoimba Kiingereza. Lakini ukitaka kumsikia akiimba ya moyoni mwake, msubiri usiku ule asipokuwa hotelini.

Hatua ya 2: Angalia majira

Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba mpaka karibu Machi, mji unajaa wageni na bendi zina kazi kila siku. Utapata muziki mwingi, lakini mwingi wake utakuwa wa kopi. Masika ikiingia na kusi ikaanza, Aprili na Mei, mahoteli mengi hufunga na baadhi ya wanamuziki huondoka kwenda Mombasa au Nairobi. Wanaobaki hupiga kwenye baa za wenyeji kwa wateja ishirini, na hapo ndipo nimesikia muziki bora kabisa maishani mwangu. Mvua inapiga mabati, hakuna mgeni wa kufurahishwa, na bendi inajaribu nyimbo mpya mbele ya watu wanaoielewa lugha. Ukiweza kuchagua, chagua usiku wa namna hiyo.

Mwezi wa Ramadhani usitafute. Kumbi nyingi hunyamaza au hupunguza sauti, na wanamuziki walio Waislamu wako nyumbani na familia zao. Subiri Idi.

Hatua ya 3: Jua masikio yako yanakwenda kusikia nini

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi hutoka kwenye shoo nzuri wakisema "zilikuwa zinafanana tu", na shida ilikuwa hakuna aliyewaambia wasikilize nini.

Bango ni muziki wa Pwani yetu, na jina linalotajwa pamoja nao ni la Mzee Joseph Ngala wa Freretown, Mombasa, mpiga saksafoni. Ndani yake utasikia rumba, jazi, taarabu na midundo ya Kimijikenda vimekaa pamoja bila kusukumana. Hauna haraka. Wazee huucheza wakiwa wamenyooka, mkono mmoja kiunoni mwa mwenzake. Bendi za vijana sasa huupiga bila saksafoni, kinanda kikichukua nafasi yake, na mimi naona kuna kitu kinapotea hapo. Ukisikia kuna saksafoni halisi, acha shughuli zako uende.

Chakacha ilikuwa ngoma ya wanawake kwenye harusi za Waswahili kabla ya kuingia kwenye magitaa. Mapigo yake huhesabiwa sita sita, na sita hiyo mwili unaweza kuigawa mara mbili au mara tatu. Ndiyo maana mgeni huona wenzake wanacheza naye hajui pa kukanyaga. Ukipotea, acha kusikiliza besi, sikiliza ile ngoma ndogo inayopigwa haraka haraka, chapuo, au sahani ya drams iliyochukua kazi yake. Kiuno kitafuata chenyewe.

Kisha kuna vijana wanaochukua midundo ya Wagiriama, kama mwanzele na gonda, na kuitia gitaa la umeme. Chombo cha kukitafuta kwa macho ni kayamba, kile kibapa cha matete chenye mbegu ndani. Bendi ikiwa na mpiga kayamba anayejua kazi, hata drams hazihitajiki sana. Mwangalie mikono: sauti inatoka anapoigeuza mbegu zikamwagika upande wa pili, na pia anapoipiga kwa vidole gumba. Ni kazi ngumu sana kwa shoo ya saa mbili, na kwa kawaida yeye ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote.

Rege iko kila mahali na haihitaji maelezo yangu.

Taarabu ndiyo utakayoikosa klabuni. Mji huu na Lamu vimeipenda siku zote, na Zein l'Abdin, bingwa wa kupiga udi, alizaliwa Lamu. Lakini makao yake ni harusini. Ukitaka taarabu, tafuta mwaliko wa harusi.

Hatua ya 4: Panga pesa kabla ya kutoka

Beba noti ndogo, za 50, 100 na 200, zikiwa zimetengwa na pesa ya nauli. M-Pesa inafanya kazi karibu kila mahali, lakini kumtuza mwimbaji kwa simu huku anaimba hakuna ladha, na mtandao ukigoma saa sita usiku utabaki unatazamana na dereva.

Ni vizuri ujue pesa yako inakwenda wapi. Klabu ndogo hupatana na bendi kwa njia mbili. Ama mwenye baa anawapa kiasi maalumu kwa usiku, ama bendi inachukua kiingilio cha mlangoni na yeye anabaki na mauzo ya vinywaji. Tuseme wamepewa shilingi 10,000 na wako watano: kila mmoja ana 2,000, na hapo hujatoa tuktuk mbili za vyombo, kukodi spika, wala nyuzi za gitaa. Nyuzi zenyewe hapa hazidumu. Hewa ya bahari ina chumvi na zinaota kutu upesi, na ndiyo sababu utamwona mpiga gitaa anafuta nyuzi zake kwa kitambaa kila akimaliza wimbo.

Kwa hiyo mlangoni lipa. Usimwombe rafiki yako baunsa akupitishe. Kama hakuna kiingilio, chukua kile ambacho ungelipa ukiweke kwa ajili ya bendi.

Kuna klabu moja, jina lake naliacha, ambako vijana watano walipiga mpaka saa nane usiku, kisha mwenyewe akawaambia wateja walikuwa wachache na hana cha kuwapa. Walirudi Maweni kwa miguu, drams vichwani. Nilikuwa nao. Tangu usiku ule sijawahi kuondoka mahali bila kumkabidhi pesa mtu wa bendi mkononi mwake.

Hatua ya 5: Kula, vaa, toka

Kula kabla. Viazi karai na ukwaju, mishikaki miwili mitatu, au bakuli la supu ya pweza kando ya barabara, vyote vinatosha kukufikisha saa saba. Klabu ndogo nyingi hazina jiko la maana. Vaa nguo nyepesi na viatu vilivyofunika vidole, maana utakanyagwa. Dada wanaopitia Shella ya hapa Malindi au mitaa ya mji wa kale hubeba leso au mtandio wa kujifunika njiani, wakifika wanautia mkobani. Ni heshima kwa majirani, nao wanakukumbuka kwa hilo.

Maji ni muhimu kuliko kinywaji kingine chochote utakachokunywa. Joto la humu ndani, watu sitini na feni mbili, linakausha mwili haraka.

Hatua ya 6: Fika wakati wanafunga nyaya

Hii ndiyo siri yote. Fika nusu saa kabla. Msalimu mlinzi kwa adabu, "Shikamoo mzee, bendi imeshapanda?" Akikujibu, "Marahaba mwanangu, bado wanafunga nyaya," umefika wakati wake.

Kaa utazame wanavyopima sauti. Utamsikia mpiga drams akigonga ngoma moja moja, mwimbaji akisema "moja, mbili" kwenye maiki, na ghafla maiki inapiga mluzi wa kutoboa sikio. Mluzi ule unatokea maiki inaposikia sauti yake yenyewe kutoka kwenye spika, ikairudisha tena, na tena, ikizunguka. Dawa yake ni kusogeza spika mbele ya mwimbaji, zikiwaelekea watu, au kushusha sauti. Bendi inayolitatua jambo hilo mapema itakupa usiku mzuri, inayolipuuza itakutesa. Na ndio wakati wa kuzungumza nao. Baada ya shoo watakuwa wamechoka na wamezungukwa. Sasa hivi mpiga besi amekaa juu ya kreti ya soda, hana la kufanya, na ukimuuliza, "Kaka, wimbo gani leo ni wako?" atakueleza, nawe ukija kuusikia utakuwa unaujua ulikotoka.

Kisha chagua pa kukaa. Usikae kwenye kona, kwa sababu besi hujikusanya pembeni mwa kuta na utasikia ngurumo tupu. Usikae mbele ya spika moja, utasikia nusu ya bendi. Tafuta alipo mtu wa mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, kaa karibu yake, kwa sababu yeye anapanga sauti kulingana na anachokisikia pale alipo. Mahali pasipo na mtu wa mikisa, kaa katikati ya spika mbili, ukiwa umerudi nyuma kidogo kupita nusu ya chumba. Na usikate tamaa wimbo wa kwanza ukisikika wenye mwangwi. Ukumbi ukiwa mtupu kuta zinarudisha kila kitu. Watu wakijaa, miili yao inainywa ile sauti kali na muziki unakaa sawa.

Neno moja kuhusu masikio, na ninalisema kwa uzito kwa sababu wanamuziki wawili ninaowapenda hawasikii vizuri tena. Kikomo cha ukali wa sauti kinachopendekezwa kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unapungua kwa nusu. Kwa hesabu hiyo, desibeli 100 ni dakika 15 tu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa mwongozo kwamba kumbi za burudani zisizidi wastani wa desibeli 100, na klabu ndogo yenye dari ya chini huufikia wastani huo bila shida. Nunua viziba masikio vya sifongo. Kivingirishe kiwe chembamba, vuta sikio juu kwa mkono wa pili, kiingize, ukishike mpaka kifure. Maneno ya wimbo bado utayasikia, pengine vizuri zaidi. Pamba na karatasi ya chooni havisaidii kitu cha maana. Usipokuwa navyo, toka nje dakika kumi kila baada ya nyimbo kadhaa.

Hatua ya 7: Ukiwa ndani

Bendi ya kwanza, ile ya kufungulia, isikilize. Ni vijana wanaopewa dakika ishirini wakati watu bado wanaongea, na kati yao ndimo watakamotoka wa kesho. Ukiwapigia makofi peke yako, wenzako watakufuata.

Kutuza ni desturi yetu na kuna namna yake. Nenda ukicheza, usikatize mbele ya maiki, mpe mwimbaji mkononi au weka kwenye kasha lililo wazi mbele, kisha rudi ukicheza. Ukimtuza mwimbaji mara mbili, mara ya tatu mpe mpiga kayamba au mpiga besi. Hakuna anayewakumbuka.

Ukitaka kuomba wimbo, subiri wamalize uliopo, nenda pembeni umnong'oneze kiongozi. Na omba wimbo wao. Utaje kwa jina ule ambao mpiga besi alikuambia ni wake wakati wanafunga nyaya, uone uso wake.

Simu toa mara moja, rekodi nusu dakika, irudishe mfukoni. Ukitaka kurekodi zaidi, uliza kwanza. Wimbo ambao haujaingia studio ni mali ya aliyeutunga, na kuna waliokuta nyimbo zao zimetoka kwa sauti za watu wengine.

Stima ikikatika, usiondoke. Jenereta itachukua dakika tano, na dakika hizo tano, kama bendi ina moyo, mpiga ngoma ataendelea na watu wataimba. Nimeona hilo mara tatu na kila mara ndilo watu walilolizungumza wiki nzima.

Kuhusu Lamu

Rafiki zangu wa Lamu wataniuliza mbona nimewasahau. Sijawasahau, kule utaratibu ni mwingine. Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, ni mji wa misikiti, na klabu za bendi si desturi yake. Muziki uko harusini na kwenye tamasha la utamaduni, wakati mwingine kwenye hoteli za Shela ya kule, ambako ukichelewa unarudi kwa boti, hivyo patana na nahodha mapema. Na Maulidi ya Msikiti wa Riyadha, pamoja na matari na maandamano yake ya zefe, ni ibada. Nenda ukiwa umealikwa na umevaa ipasavyo, na usiihesabu kama shoo.

Hatua ya 8: Kurudi

Hili lipange kabla hujatoka nyumbani. Sheria ya vileo ya mwaka 2010, ile ya Mututho, inaziruhusu baa za kawaida kuuza mpaka saa tano usiku, na zenye leseni ya klabu ya usiku mpaka saa tisa. Kwa hiyo shoo ya baa itaisha mapema, na hiyo ndiyo nzuri kwa anayetoka Watamu au Gede, kwa sababu matatu za usiku hupungua sana. Aliyetoka Kilifi, kilomita 60 hivi, alale Malindi.

Chukua namba ya dereva wa tuktuk anayekuleta. Patana naye bei ya kurudi mchana, mwambie saa, mpigie ukibaki na wimbo mmoja. Usitembee ufukweni usiku kwa kukata njia, hata kama mbalamwezi imetoka na hata kama mko wanne. Aliyekunywa asishike pikipiki. Mtu akikusumbua humo ndani, mwambie mwanamke anayehudumia kaunta kabla ya kumwambia baunsa. Yeye anawajua wateja wote na baunsa wenyewe wanamwogopa. Likizidi, namba za polisi ni 999 na 112.

Kabla hujapanda tuktuk, rudi kwa bendi dakika mbili. Wanakunja nyaya, jasho linawatoka, mwenye baa anawahimiza. Wasaidie kubeba kitu kimoja mpaka nje. Wape ile pesa uliyoiweka kando. Kile kipande cha nusu dakika ulichorekodi watumie kesho yake asubuhi, maana wengi wao hawajawahi kujiona wakipiga. Kisha muulize kiongozi wao, "Ijumaa mko wapi?" Kama hana jibu, na wewe unajua mahali penye baa na kona ya kutosha watu watano, mwambie.